Kura za mchujo: jinsi ya kumpima mtu kabla hajapewa tiketi ya chama

Tuanze hapa manake wengi hii sehemu huipuuza. Kama unaishi mahali chama kimoja ndo kila kitu, yani mahali mtu akishapata tiketi anaanza kushonesha suti ya kuapishwa, basi uchaguzi wako si ule wa Agosti. Uchaguzi wako ni mchujo. Agosti mnaenda tu kugonga muhuri kitu kilichoamuliwa miezi kadhaa nyuma, na kiliamuliwa na wale wachache waliojitokeza siku wewe ulisema "wacha wamalizane huko, mimi ntapiga ile kubwa".

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, sababu katiba inasema Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Mwaka wa 2017 na 2022 vyama vilifanya mchujo Aprili. Kwa hivo piga hesabu mwenyewe, kazi ya kupima watu inafaa kuanza mapema kabisa, si ile wiki magari ya spika yameanza kupita kwa mtaa na kila mtu ana tisheti.

Na usidhani mchujo ni kitu kidogo. Mwaka wa 1988 KANU, chama tawala wakati huo, ilipanga watu mlolongo, unasimama nyuma ya mgombea wako hadharani, chifu anakuona, mwajiri wako anakuona, na mgombea akipata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo anahesabika amepita bila kupingwa, hakuna kura ya siri tena. Waliokuwa watu wazima wakati huo watakusimulia vile laini fupi ilitangazwa ndefu mchana kweupe. Siku hizi kuna karatasi na boksi, lakini wakora wa mchujo hawajaisha, na dawa ya kwanza ni wapiga kura wanaojua wanataka nani na kwa nini.

Wewe mwenyewe uko chama gani?

Hii inaonekana swali la kijinga mpaka uangalie. Piga *509# kwa simu yako, ni ya ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa, weka nambari ya kitambulisho uone umeandikwa chama gani. Juni 2021 watu wengi sana walishtuka kujikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hata hawajawahi kuvisikia, ata wengine walikuwa wanavipinga. Kama uko kwa chama usichokijua, jitoe, inawezekana kupitia mfumo wa Msajili ulioko eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, halafu ujiandikishe unakotaka.

Kwa nini nakuambia hivi? Sababu Sheria ya Vyama vya Kisiasa ilivyorekebishwa 2022 inasema mchujo wa moja kwa moja ni wa wanachama waliosajiliwa, na huwezi kuwa vyama viwili kwa wakati mmoja. Unaeza kuwa umempima mgombea wako vizuri kabisa alafu ufike kituoni uambiwe jina lako halipo. Fanya hii kitu wiki nyingi kabla, si usiku wa kuamkia mchujo.

Alafu ulizia chama kitatumia njia gani. Sheria hio ya 2022 inatambua njia mbili, ile ya moja kwa moja ambapo wanachama wote wanapiga kura, na ile ya kupitia wajumbe. Ya pili ikitumika, wewe kura huna, mwenye kura ni mjumbe, so kazi yako inahama: mtafute mjumbe wa eneo lenu, mjue kwa jina, mwambie unachotaka, muulize alichaguliwa lini na nani. Mara nyingi utagundua hakuna anayekumbuka akichaguliwa. Kuna pia ile ya mezani, mtu anapewa tu tiketi huko Nairobi kwa jina la maelewano. Ikifika hapo pressure ni lazima ianze kabla ya mkutano wa maelewano, manake baada ya picha ya kushikana mikono kupigwa hakuna mtu anarudi nyuma.

Ni kazi gani hasa wanapigania?

Hapa ndo watu wengi hukosea na hapa ndo ntakaa kidogo. Tunapima watu kwa vitu ambavyo haviko kwa hio kazi. Ni kama kuajiri dereva kwa sababu anajua kuimba. Anaeza kuimba vizuri kabisa, lakini mko barabarani.

Chukua MCA, yani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti ya kaunti na kumchunga gavana. Sasa utasikia mgombea wa MCA anaahidi walimu wa shule ya msingi. Walimu wa shule ya msingi wanaajiriwa na TSC, tume ya walimu, ni serikali ya kitaifa, MCA hana hata mlango wa kuingilia hapo. Anaeza kuongea juu ya chekechea, hio iko chini ya kaunti. Anaeza kuongea juu ya dispensari, soko, maji, barabara za kaunti, kilimo. Orodha yote iko kwa Ratiba ya Nne ya katiba, si ndefu, kurasa chache tu, na nakuhakikishia ukiisoma mara moja nusu ya ahadi za mkutanoni zitaanza kukuchekesha.

Mbunge naye anatunga sheria za nchi, anapitisha bajeti ya taifa na kuchunga serikali kuu. Hii ya basari na madarasa ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneobunge, ndo imefanya watu wafikiri mbunge ni mkandarasi. Ile pesa si yake. Ni pesa ya umma inayotengewa kila eneobunge kwa sheria, angekuwa yeye angekuwa mwingine ingekuja tu. Kwa hivo mbunge akijisifu amejenga madarasa, swali si kama amejenga, swali ni amejenga mangapi kwa pesa aliyopata, yako wapi, na mbona wadi ile nyingine haikupata. Na mpinzani akisema "mimi nitatoa basari", mwambie sawa, sasa niambie kitu ambacho mbunge mwingine yeyote hangefanya.

Seneta yuko pale kulinda kaunti na kuchunguza pesa zinazoenda kwa kaunti. Ukiona mgombea useneta ambaye ni rafiki wa damu wa gavana, wanatembea pamoja, wanakula pamoja, na kampeni yake inalipwa na gavana, jiulize huyo atamwita gavana Nairobi kumuuliza maswali kweli? Hii si siri kubwa, ni kitu unaona kwa macho, lakini watu husema "wanafanya kazi kama timu". Seneta na gavana hawafai kuwa timu. Hio ndo maana ya seneta.

Gavana ndo mwenye pesa na wafanyakazi, na ndo kazi inahitaji mtu amewahi kuendesha kitu. Si lazima kampuni kubwa. Sacco, hospitali, chuo, idara ya serikali, chama cha ushirika, chochote chenye bajeti na watu na lawama. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa msemaji tu anaeza kuwa mbunge mzuri sana na awe gavana mbaya sana. Tumeona hio mara nyingi kwa hizi kaunti 47 tangu 2013, nakuachia ujaze majina mwenyewe.

Aliyeko kiti: usisikize, soma

Anayetetea kiti ni rahisi kumpima kuliko mgeni, sababu ameacha alama. Shida ni kwamba tunampima kwa matanga aliyohudhuria.

Kwa gavana, nenda kwa ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Zinatoka kila robo mwaka, ziko kwa intaneti bure, kila kaunti ina sehemu yake. Usijaribu kusoma yote, utalala. Tafuta vitu vitatu. Cha kwanza, ametumia asilimia ngapi kwa maendeleo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende maendeleo, na angalia pesa iliyotumika kweli, si ile iliyopangwa, manake kupanga kila mtu anapanga. Cha pili, mishahara. Kanuni zinasema isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na ukiikuta iko juu sana ulizia hao wafanyakazi wapya ni akina nani na waliingia aje. Cha tatu, madeni ambayo hayajalipwa. Hii ndo naipenda zaidi, sababu barabara inaeza kuwa imefunguliwa na utepe umekatwa lakini aliyeijenga hajalipwa, na huyo ni jirani yako mwenye tinga alikopa benki.

Kisha chukua ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya kaunti hio hio, usome maoni ya mkaguzi na yale mambo aliyouliza akakosa stakabadhi. Usikimbilie kusema mtu ni mwizi, mkaguzi akisema hakuona risiti haimaanishi pesa imeibiwa, inamaanisha risiti haikuonekana. Lakini ikiwa ni mwaka baada ya mwaka, kitu kile kile, idara ile ile, hapo unajua unashughulika na nini. Na kama una nguvu bado, kuna ule mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, CIDP, wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Tafuta wadi yako ndani. Angalia kilichoandikwa alafu toka nje uangalie kama kipo.

Kwa mbunge, rekodi iko Hansard, ni maneno yote yaliyosemwa bungeni, na iko kwa tovuti ya bunge. Mzalendo, shirika linalofuatilia bunge, nao hutoa kila mwaka orodha ya nani aliongea na nani alinyamaza. Tahadhari kidogo hapo, kuongea mara nyingi si kuongea vizuri, kuna wabunge huinuka kusema tu "naunga mkono" na kuna wengine hufanya kazi kubwa kwa kamati ambapo kamera hazipo. So tumia hio orodha kama mahali pa kuanzia, si matokeo ya mtihani.

Kitu kinachosema ukweli zaidi ni kura. Mfano mzuri ni Mswada wa Fedha wa 2024. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 walipiga ndio na 106 wakapiga la, siku hio hio waandamanaji wakaingia bunge, kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Majina yote yanajulikana. Sikuambii ndio ilikuwa sawa ama la ilikuwa sawa, hio ni akili yako na siasa yako. Ninachokuambia ni ulinganishe: alipiga nini siku hio, na anasema nini sasa kwa kanisa na kwa matanga? Mtu aliyepiga ndio na bado anaeleza kwa nini, huyo angalau unamjua. Aliyepiga la na anaeleza kwa nini, pia unamjua. Wa kuogopa ni yule alipiga upande mmoja na anahutubia upande mwingine, ama siku hio alipotea kabisa akaonekana tena mambo yakiwa yametulia.

MCA ndo mgumu, sababu rekodi za mabunge ya kaunti zingine ni shida kupata. Hapo itabidi utumie miguu. Ulizia waliokuwa kwa vikao vya maoni ya umma juu ya bajeti kama walimwona. Uliza amewasilisha hoja gani. Usimuulize mpambe wake, muulize karani ama mwandishi wa habari wa kule mashinani anayekaa kwa yale mabunge siku nzima, hao wanajua nani huja kusaini marupurupu na kutoroka saa tano.

Mgeni hana rekodi ya kiti, lakini ana rekodi ya maisha

Watu husema "huyu ni mpya, tumpe nafasi". Sawa, lakini hakuna mtu mpya duniani. Kama ana miaka 40 amekuwa mahali miaka 40. Alikuwa bodi ya shule? Shule ilipandaje ama ikaangukaje? Alikuwa mwenyekiti wa kikundi? Hesabu zilisomwa kila mwaka ama alikuwa anasema zitasomwa mwezi ujao? Ana biashara? Analipa vijana wake kwa wakati? Hii ya mwisho usiidharau. Mtu ambaye hajawahi kulipa wafanyakazi wake tarehe iliyokubaliwa, hata wakiwa wanne tu, atakuwa yuleyule akipewa wafanyakazi elfu tatu.

Masomo pia. Kwa gavana na rais sheria ya uchaguzi inataka digrii ya chuo kinachotambulika, na kama ni ya nje ya nchi, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndo inaitambua. Ukisikia maneno juu ya digrii ya mtu wenu, afadhali mzozo utokee kabla ya mchujo kuliko baada, sababu mkimpa tiketi alafu karatasi zikatae chama kinaeza kubaki bila mtu kwa karatasi ya kura.

Na kesi. Katiba inamzuia mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita ama zaidi kugombea ubunge ama uMCA, lakini ni baada tu ya rufaa zote kuisha. Ndo maana unaona mtu ana kesi na bado ako kwa mabango ya kampeni. Kesi si hukumu, na kuna kesi za kisiasa, sawa. Lakini wewe si mahakama. Mahakama inatakiwa kuwa na uhakika kabla ya kumnyima mtu uhuru wake, wewe unaamua tu kama utampa funguo za pesa za watu, na kwa hio unaruhusiwa kuwa na wasiwasi mapema zaidi kuliko hakimu. Soma mashtaka yenyewe, si vile mabloga wake ama wa adui yake walivyoyaandika.

Pesa za kampeni

Sitakuhubiria juu ya mia mbili na leso, umesikia hayo yote. Fanya tu hii hesabu. Mshahara wa kila kiti umewekwa na tume ya mishahara, SRC, na huchapishwa, si siri. Chukua mshahara wa mwezi wa hio kazi anayoitafuta, zidisha kwa miezi 60, alafu uweke kando ya kile unachokiona: magari, helikopta, vijana wa kulipwa kila siku, jukwaa, tisheti, harambee tatu kila wikendi. Na hapo ni mchujo tu, kampeni yenyewe haijaanza. Kama matumizi yanapita mshahara wa miaka mitano, kuna mtu anatarajia kurudishiwa. Ama ni yeye mwenyewe ama ni yule aliyemfadhili, na wote wawili watarudishiwa na bajeti yenu.

Kwa hivo swali la kumuuliza si "unatoa pesa wapi", hilo atalijibu kwa kicheko, atasema Mungu amembariki. Uliza ni nani anamsaidia na huyo mtu anafanya biashara gani. Mfadhili wa gavana mtarajiwa akiwa ni mtu wa kuuzia kaunti dawa ama kujenga barabara, umeshajua zabuni zitaenda wapi kabla hata hazijatangazwa.

Mawimbi, kura za maoni na "kiongozi amesema"

Karibu na mchujo simu yako itajaa grafu. Kila mgombea ako mbele kwa grafu yake. Kenya kuna sheria ya 2012 ya kuchapisha kura za maoni za uchaguzi, inataka anayechapisha aseme nani alilipia, watu wangapi waliulizwa, lini, na makosa yanaweza kuwa kiasi gani. Picha isiyo na hivo vitu ni bango la kampeni tu. Na hata zikiwepo, kumbuka watu 400 wakiulizwa makosa ni kama asilimia 5 juu au chini, so mmoja akiwa 31 na mwingine 28 hakuna aliye mbele, wako sawa, mtu anakudanganya kwa hesabu. Vyama vimeanza kutumia hizi kura kama sababu ya kumpa mtu tiketi bila mchujo, kwa hivo zidai zionyeshwe zote, si matokeo peke yake.

Juu ya kiongozi mkubwa kusema mnipe huyu na huyu, ama ile ya pigeni suti kamili, yani viti vyote sita chama kimoja, mimi naona hivi. Kiongozi wa chama ana haki ya kuwa na mtu wake. Lakini yeye anatafuta mtu atakayemsaidia kushikilia chama, wewe unatafuta mtu wa kuchunga dispensari. Saa zingine ni mtu mmoja. Mara nyingi si. Wazee wa ukoo wakikaa wakagawa viti pia nao wanapima kitu kingine, wanapima amani na zamu, na amani si kitu cha kudharau kule ambako uchaguzi umewahi kumwaga damu. Lakini hata zamu ikifika kwa ukoo fulani, ule ukoo una watu wengi, si lazima awe yule mwenye gari kubwa.

Sasa kaa chini uamue

Watu wengine hupenda kumpa kila mgombea alama kati ya kumi, masomo alama ngapi, umri alama ngapi, wanajumlisha. Mimi siipendi hio njia, sababu mtu aliyekula pesa ya shule anaeza kuokolewa na alama za kuongea vizuri. Anza na mambo ya kukataa. Andika mawili ama matatu ambayo mtu akiwa nayo humpigii kura hata akupeleke Mombasa kwa ndege. Inaeza kuwa vurugu, kukodi vijana wa kupiga watu. Inaeza kuwa alichukua pesa ya watu na ushahidi upo. Wapitishe wote hapo. Kama walikuwa wanane watabaki watatu, ama wawili. Hao ndo unalinganisha kwa kazi ya kiti.

Hao waliobaki waulize swali moja, lile lile, kwa maneno yale yale. Si "utatufanyia nini", hilo kila mtu amelikariri. Muulize kwa pesa ambayo kaunti ama ofisi yake itapata, ni kitu gani hatafanya mwaka wa kwanza. Mtu aliyewaza kazi atakutajia kitu na atakuambia kwa nini. Mtu wa maneno atakuambia atafanya vyote. Redio za mashinani zenye simu za wasikilizaji ni mahali pazuri pa kuuliza, sababu hawezi kukupeleka kando kukunong'oneza, na jibu linarekodiwa. Swali la pili, ukishindwa mchujo utafanya nini? Si mtego, kuna majibu mazuri ya aina zote. Paul Otuoma wa Busia 2017 alikosa tiketi ya chama cha ODM, akaenda kama mgombea huru akashindwa, 2022 akarudi na tiketi hio hio akachaguliwa gavana. Lakini jibu linakuonyesha kama chama ni nyumba kwake ama ni matatu tu.

Na kama uko mahali ambapo Agosti kuna ushindani wa kweli kati ya vyama, ongeza kitu kimoja: huyu anaeza kushinda nje ya chama? Kuna mtu anapendwa sana na wanachama na hapendwi na mtu mwingine yeyote. Ukiwa ngome ya chama usijisumbue na hio, chagua tu mtu bora. Ila angalia kura zisigawanyike ovyo. Wagombea saba wakiwania kiti na watatu wao ni wazuri na wanavuta watu wale wale, mbaya mmoja mwenye asilimia 25 anapita katikati yao akicheka. Hapo ongea na wenzako mapema, wapime hao watatu, na kama mmoja ako tayari kumwachia mwingine msukumeni akiwa bado anaeza kutoka kwa heshima.

Siku yenyewe

Beba kitambulisho, jua kituo, enda asubuhi, na usishangae ikiahirishwa. Aprili 21, 2017 chama cha Jubilee ilibidi ifutilie mbali mchujo wake nchi nzima siku hio hio na kupanga upya, karatasi za kura hazikuwa zimefika ama hazikutosha. Waliopata ni wale walirudi mara ya pili, wale walikasirika wakakaa nyumbani waliachia wengine. Kama unaeza, kuwa ajenti wa mgombea wako ama ubaki uone hesabu ikitangazwa kituoni na upige picha ya fomu, sababu njiani kati ya kituo na makao makuu ya chama ndo nambari hubadilika sura.

Mkiona mmeibiwa, njia ni hii: kwanza kamati ya chama ya kutatua mizozo, lazima uonyeshe ulijaribu huko, alafu Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, PPDT, alafu Mahakama Kuu. Muda huwa mfupi sana kwa hivo stakabadhi ziwe tayari, fomu, majina, picha, si vidio za watu wakipiga kelele peke yake. Anayetaka kwenda kama mgombea huru ajue katiba inamtaka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, so hawezi kukaa akisubiri Juni aamue.

Na wewe mpiga kura, mtu wako akikosa na tiketi iende kwa yule ulimkataa kwa orodha yako, hakuna sheria inakulazimisha kumpigia Agosti ati kwa sababu una kadi ya chama. Utapewa karatasi sita, ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, kila moja iko peke yake na hakuna anayeona umeweka alama wapi. Unaeza kufuata chama kwa tano na ile ya sita ukampa mtu mwingine kabisa.